UZI: Kutembea na watoto kwenye kinamasi cha mlango wa mto: maji, tope, kigari na saa ya kugeuka

#1 BabaWatatu
Wakuu, salaam. Naomba tujaze uzi huu mambo yanayofanyika kweli, tuachane na "furahieni mandhari". Njia yenyewe ni ile ya kawaida ya mlango wa mto. Upande mmoja kuna tuta la udongo, upande wa pili kinamasi cha chumvi kilichokatwakatwa na vihori (mifereji midogo inayoingiza maji ya bahari), halafu njia inaacha maji na kurudi kupitia malisho na mashamba. Duara zima ni kilomita 7. Watoto watatu: miaka 3, 6 na 9. Watu wazima wawili. Kigari cha mtoto kipo.

Maswali: tutoke maji yakiwa wapi? Kilomita 7 zinawafaa? Kigari kiende au kibaki? Na mtoto akinasa topeni anatolewaje?

Jedwali la Jumamosi linasema maji kupwa 06:40 (mita 0.6), maji kujaa 12:50 (mita 4.2). Mpango ni kuanza saa tatu asubuhi. Maji yanajaa saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, kwa hiyo siku nzima ni yetu.

#2 MchuMkavu
Simama hapo hapo mkuu, kabla hujafunga begi.

12:50 ya jedwali si saa kumi na mbili na dakika hamsini. Jedwali linahesabu tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu alfajiri na tangu magharibi. 12:50 ni saa saba kasoro dakika kumi mchana, na 06:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mkianza saa tatu mnaingia kinamasini maji yakiwa yanapanda kwa kasi kuliko saa nyingine yoyote ya siku hiyo.

Namna ya kujikagua: kwenye pwani ambazo maji hujaa mara mbili kwa siku, kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na robo hivi. Ukisoma jedwali ukapata pengo la saa 12, umesoma vibaya. (Zipo pwani chache zinazojaa mara moja tu kwa siku, huko hesabu ni nyingine.) Na kwenye nchi zinazosogeza saa mbele majira ya joto, angalia kama jedwali limeshaongeza hiyo saa moja. Mengine hayaongezi, na yanasema hivyo kwa maandishi madogo chini ya ukurasa.

Andika karatasini kwa saa zetu, kwa maneno, ukae nayo mfukoni. Usitegemee kugeuza kichwani huku mtoto analia.

#3 Bamvua29
Nakazia, na naweka hesabu yenyewe.

Tofauti ya kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3.6. Igawe mafungu 12, kila fungu sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo 06:40 ni mita 0.6, 07:40 ni 0.9, 08:40 ni 1.5, 09:40 ni 2.4, 10:40 ni 3.3, 11:40 ni 3.9, kisha yanamalizia 4.2.

Tazama katikati hapo. Kati ya 08:40 na 10:40 maji yanapanda sentimita 1.5 kila dakika. Kwenye ardhi inayoinuka mita 1 kwa kila mita 200, hizo ni mita 3 za kinamasi zinazofunikwa kila dakika. Mtoto wa miaka mitatu anatembea zaidi ya hapo bila kuhema, ndiyo maana watu wengi wanajiona wako salama: maji wanayaona mbele, yanakuja polepole, wanarudi nyuma taratibu. Kumbe maji hayamkimbizi mtu, yanamzunguka. Yanaingia kwanza kwenye vihori, ambavyo viko chini kuliko kila kitu, yanapita nyuma ya kile kinundu mlichosimama. Kile kihori mlichoruka asubuhi kikiwa na tope tu kinafika maji ya kiuno kabla nyasi za miguuni penu hazijalowa. Ukitaka kujua kama maji yameanza kujaa, acha kutazama bahari, tazama kihori cha nyuma yako. Povu na vijiti vinaelea kuelekea nchi kavu? Ondokeni.

Sasa, kanuni hiyo ya mafungu ni makadirio, na kinamasini hukosea kwa upande mbaya. Sababu zenyewe:

Kadiri unavyopanda mto, kujaa huchukua muda mfupi na kupwa huchukua muda mrefu. Maji yanaweza kujaa kwa saa 4 na kupwa kwa saa 8. Muda wa jedwali ni wa kituo kilichotajwa juu ya ukurasa, mara nyingi bandarini, na ndani ya mto kujaa kunafika kwa kuchelewa.

Upepo unaovuma kutoka baharini unasukuma maji ndani. Kanieneo ya hewa ikishuka, kila hektopaskali 1 ni sentimita 1 hivi ya maji juu ya jedwali. Siku ya 993 badala ya 1013 ya kawaida ni sentimita 20, na kwenye mwinuko uleule wa 1 kwa 200 ni mita 40 za kinamasi ambazo jedwali halizijui. Mvua kubwa iliyonyesha juu mtoni siku iliyotangulia nayo inaongeza.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu, yaani kujaa na kupwa kwa tofauti ndogo, huja baada ya nusu mwezi. Njia ya kinamasi iliyo kavu siku za maji mafu inaweza kuwa chini ya maji siku za bamvua, njia ileile, mbao zilezile.

#4 BabaWatatu
Nimesahihisha karatasi. Kwa hiyo jibu ni kwenda maji yakiwa yamekupwa, sivyo? Tusubiri siku ambayo kupwa ni katikati ya asubuhi?

#5 SululuWaTuta
Hapana. Najua wengi watakwambia hivyo, na kwa mtu mzima mwenye gambuti ni ushauri mzuri. Kwa watoto mimi nasema kinyume: tembeeni juu ya tuta wakati maji yamejaa, kuanzia saa moja na nusu kabla ya kujaa hadi saa moja na nusu baada yake, na msishuke chini ya tuta kabisa.

Maji yakiwa yamekupwa, pembeni ya tuta kuna uwanja mpana wa tope linalong'aa, kaa wanakimbia, makome kila mahali. Mtoto wa miaka 6 atashuka. Utamkataza mara tano, ya sita atakuwa ameshashuka. Maji yakiwa yamejaa, uwanja huo haupo. Kuna tuta na kuna maji, mpaka unaonekana, na mtoto anauelewa bila hotuba. Hatari inayobaki ni kuanguka majini pembeni, kwa hiyo yule wa miaka 3 ashikwe mkono au abebwe pale tuta linapokuwa jembamba. Hilo mnaliweza.

Sababu ya pili ni ndege. Ndege wa matopeni hula maji yanapokupwa, na wakati huo wametawanyika huko mbali, kwa macho ya mtoto ni vidoa tu. Maji yakijaa yanawasukuma hadi ukingoni, wanasimama kwa makundi, mguu mmoja, wakisubiri. Hapo ndipo mtoto anapomwona sululu na mdomo wake uliopinda kama sululu ya kuchimbia, na vitwitwi wakikimbia na kusimama, kukimbia na kusimama.

Ila msiwasogelee hadi waruke. Wale hawajapumzika kwa starehe, wanatunza mafuta ya safari. Mwaka 2022 ndege mchanga wa matopeni, wa jamii ya Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha setilaiti aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Kundi likiinua vichwa wote kwa pamoja na kuanza kutembea, mmeshakaribia mno. Simameni, rudini hatua kumi. Watoto hupenda kupewa kazi hiyo ya kuangalia vichwa.

#6 MchuMkavu
SululuWaTuta nakubaliana naye robo tatu. Robo iliyobaki: siku za bamvua usifanye hivyo mpaka uwe na hakika tuta lenyewe halipitwi na maji. Yapo matuta yenye sehemu iliyoshuka, hasa kwenye malango ya ng'ombe na juu ya mabomba ya kutolea maji ya mashamba, na maji hupenya hapo kwanza. Unakuwa umekatwa ukiwa juu ya tuta, jambo ambalo watu hawalitarajii.

Namna ya kujua bila kupima chochote: tafuteni mstari wa takataka. Vijiti, mwani mkavu, mapande ya povu. Mstari mpya, wenye unyevu, ni maji ya jana. Mstari wa zamani ulio juu zaidi ni bamvua iliyopita. Ukiuona mstari huo juu ya njia yenyewe, njia hiyo hufunikwa, basi.

Mimea pia inasema. Kwenye vinamasi vya nyasi, ile mimea minene isiyo na majani ya kuonekana, yenye pingili kama vidole vya kijani, humea mahali panapofikiwa na maji karibu kila yanapojaa. Ukipanda hadi kwenye nyasi ndefu zilizofungamana na mafunjo magumu, hapo maji hufika siku za bamvua tu. Kwenye mikoko, mizizi ya mchu inayochomoza juu kama penseli ni alama kwamba mko ndani ya eneo la maji, hata kama tope limekauka juu. Na hapo hakuna kwenda pekupeku. Mizizi ile inachoma, na chaza waliong'ang'ania mizizini wanakata kama wembe.

#7 MamaKigari
Nije kwenye kilomita 7. Ni nyingi mno kwa huyo wa miaka 3, labda mkubali kumbeba nusu ya njia.

Kasi za kweli, pamoja na kusimama kutazama kila konokono: miaka 3, kilomita 1 kwa saa. Miaka 6, kilomita 2. Miaka 9, kilomita 3 akiwa na hamu. Familia inakwenda kwa kasi ya mdogo asiyebebwa. Ile kanuni ya zamani ya mpanda milima William Naismith ya mwaka 1892, kilomita 5 kwa saa, haina nafasi hapa. Programu nyingi za ramani hukadiria karibu na hiyo, ndiyo maana muda zinaokupa na watoto ni ndoto.

Kwa mara ya kwanza achaneni na duara. Nendeni na kurudi njia ileile, kwa sababu mkirudi mnajua kila lango, kila mbao iliyooza, kila sehemu ya tope. Kwenye duara, ukikuta kilomita ya 5 imezibwa na maji, unarudi kilomita 5.

Na msigawe muda nusu kwa nusu. Mkiwa na saa 3 kabla ya njia kufungwa na maji, nendeni saa 1, kisha geukeni. Kurudi kutachukua saa 1 na nusu kwa sababu miguu imechoka, na nusu saa inayobaki ni ya kiatu kilichopotea, choo na kununa. Saa ya kugeuka iwekwe kengele kwenye simu, na ikilia mnageuka hata kama kituo cha kutazamia ndege kinaonekana pale mbele, mita mia mbili tu. Hizo mita mia mbili ni mia nne.

Upepo nao: kinamasi hakina kizuizi. Anzeni na upepo usoni, rudini nao mgongoni. Mkifanya kinyume, mtoto aliyechoka anarudi huku upepo unampiga machoni.

Kigari: kinapita juu ya tuta lililoshindiliwa na kwenye njia ya mbao, kwingine hapana. Kiwe na magurudumu makubwa ya upepo, yale madogo ya plastiki yanazama hata kwenye udongo unaoonekana mkavu. Gurudumu la mbele lifungwe lisizunguke, likiachwa huru linajikata pembeni kwenye kila jiwe. Kwenye tope jepesi geuza kigari ukivute badala ya kukisukuma, maana ukisukuma unaliminya gurudumu la mbele lichimbe. Kwenye njia ya mbao tazama mbao zimelazwaje. Zikiwa zimekatiza njia, gurudumu linapita juu ya nyufa. Zikiwa zimelala kwa urefu wa njia, gurudumu jembamba linaingia ufani na kigari kinasimama ghafla, mtoto anakwenda mbele. Mkanda ufungwe muda wote.

Kinachozuia kigari hasa ni upande wa mashamba. Vipandio vya kuvukia uzio na yale malango membamba ya kupita mtu mmoja mmoja hayapitishi kigari, mnakibeba juu, na mtoto ndani ni hatari. Kabla ya safari ulizia idadi yake. Zaidi ya viwili, acheni kigari, chukueni mbeleko au begi la kubebea mtoto.

#8 Bamvua29
Nyongeza kwa begi la kubebea: aliyebeba anatoka jasho, aliyebebwa amekaa tu. Mtoto anapoa haraka kuliko mbebaji anavyodhani. Shika kisogo na vidole vyake vya miguu kila nusu saa, na kila saa moja ashuke anyooshe miguu, mikanda isimbane mapajani. Jua nalo linampiga shingo ya nyuma na miguu inayoning'inia, sehemu mbili ambazo mbebaji hazioni.

#9 BabaWatatu
Asanteni sana. MamaKigari, kigari kinabaki, mbeleko inakwenda. Nasubiri mtu wa tope.

#10 TopeSiUji
Nipo.

Kwanza kulitambua. Tope baya ni lile lililolainika, linang'aa kama limepakwa mafuta, halina mikunjo ya mawimbi wala mmea wala vile vilima vidogo vya minyoo. Mara nyingi liko kwenye midomo ya vihori na chini ya kingo zake. Mtu mzima aende mbele na fimbo. Fimbo ikizama zaidi ya kiganja kwa kusukuma kidogo tu, hapo hapapitwi. Usimtangulize mtoto kwa kuwa ni mwepesi. Ni mwepesi kweli, lakini unyayo wake ni mdogo na miguu ni mifupi, sentimita 30 kwako ni chini ya goti, kwake ni paja.

Kwa nini linanasa: chembe zake ni ndogo sana na katikati yake kuna maji. Likitulia linashikamana, ukilitikisa linakuwa uji, ukiacha kulitikisa linashikamana tena, safari hii likiwa limekumbatia mguu. Ukivuta mguu moja kwa moja juu, chini ya unyayo panabaki patupu na hewa haina njia ya kuingia, kwa hiyo unavutwa chini. Na unapovuta mguu mmoja, uzito wote unahamia wa pili. Ndiyo maana mtu huanza na mguu mmoja hadi kifundo na dakika mbili baadaye yuko magotini kwa yote miwili.

Mtoto akinasa, utaratibu ni huu:

1. Mwambie asimame kimya, asivute. Wengine wote warudi nyuma hadi ardhi ngumu, wakikanyaga nyayo zao wenyewe. Mtu mzima mmoja ndiye anayebaki kushughulika.

2. Mtoto akae chini. Ndiyo, akalie tope. Aegemee nyuma kama anakaa kitini, mikono imetandazwa. Kama amevaa begi mgongoni alilalie. Uzito ukisambaa, miguu inapungukiwa na mzigo.

3. Azungushe mguu mmoja kwa viduara vidogo, kama anakoroga. Maji yanashuka kandokando ya mguu na lile pengo linajaa. Akoroge, avute kidogo, akoroge, avute. Dakika tano ni kawaida.

4. Gambuti likikataa, liachwe. Mguu utoke, kiatu kibaki.

5. Akishatoka asisimame. Ajiviringishe au atambae kurudi alikotokea, kwa sababu huko nyuma ndiko mnakojua pamembeba.

Wewe mtu mzima ulale kifudifudi juu ya koti, mkeka au begi, umfikie kwa mikono ukiwa umelala. Usiende ukiwa umesimama, na usimnyanyue kwa makwapa huku umemsimamia juu. Nguvu unayoitumia kumnyanyua inakuzamisha wewe, na mtakuwa wawili.

Simu ya msaada ipigwe mapema. Kama tope limepita goti na dakika chache za kukoroga hazijasaidia, au maji yameanza kujaa, piga namba ya dharura ya nchi mliyopo (nyingi zinapokea 112), useme waziwazi kwamba mtu amenasa topeni na maji yanajaa saa ngapi. Waokoaji wana mbao na mabomba ya kupulizia maji chini ya mguu, lakini wanahitaji muda wa kufika. Watu huona aibu kupiga kwa sababu ya mguu mmoja, wanapiga maji yakiwa kiunoni.

#11 SululuWaTuta
Kuhusu gambuti hapo namba 4: ndiyo maana sipendi gambuti zilizozidi saizi "akue nazo". Zinazama, zinajaa maji, na mtoto anakimbia kama bata. Juu ya tuta viatu vya kawaida vya kufunga kamba vinatosha, na jozi mbili za soksi kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Suruali ya jinzi iachwe, ikilowa inakuwa nzito na upepo wa kinamasi unaipoza mwilini.

#12 MchuMkavu
Upande wa malisho, haraka haraka, maana humu watu wanaujua zaidi.

Lango mliloliona wazi liacheni wazi, lililofungwa lifungeni. Watoto wasilipande. Mkilazimika kulipanda, ni upande wa bawaba.

Ng'ombe wenye ndama ndio wa kuogopa. Pita mbali, usipite kati ya mama na ndama, watoto wawe upande wako wa mbali na ng'ombe. Wakiwafuata, endeleeni kutembea bila kukimbia, wengi ni udadisi tu. Mkiwa na mbwa, afungwe kamba fupi tangu mwanzo, na ng'ombe wakija kwa kasi mwachieni. Wanamtaka yeye, naye anakimbia kuwashinda ninyi. Kinamasini mbwa abaki kwenye kamba wakati wote, hasa msimu wa ndege kutaga, kwa sababu wengi wao hutaga chini kwenye nyasi na mayai hayaonekani hadi yamekanyagwa.

Kupe: mkirudi kagueni nyuma ya magoti, kinena, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Kibanio chembamba, karibu kabisa na ngozi, vuta wima bila kupindisha. Msipake mafuta, msichome.

Maji ya kunywa mbebe yote. Maji ya mlango wa mto yana chumvi, na kuchemsha au kuchuja hakuondoi chumvi.

#13 Pwani_Kimya
Samahani kwa kuingilia. Naona mnaongea kana kwamba kila mlango wa mto ni sawa. Je, kama kuna mamba?

#14 TopeSiUji
Kama eneo lina mamba au viboko, basi si matembezi ya watoto kando ya maji, yawe yamejaa au yamekupwa. Hakuna hila ya kuzunguka hilo. Hesabu zote za humu ni za milango ya mito isiyo na wanyama hao. Mkiona kibao cha onyo, au wavuvi wa hapo wakasema, nendeni upande wa mashamba peke yake.

#15 Bamvua29
Swali zuri hilo, tena wavuvi wa hapo waulizwe mengine pia, hasa kihori kipi hujaa kwanza. Hakuna jedwali linaloandika hilo.

Mawili ya hali ya hewa. Ukungu: kinamasi ni tambarare, hakuna mti wala kilima cha kujielekeza, ukungu ukishuka watu hutembea duara. Mkiwa juu ya tuta hamna shida, fuateni tuta. Ndiyo sababu nyingine ya kutoliacha. Kila mtoto awe na filimbi shingoni: ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Majibu ni milio 3. Wafundisheni kabla, la sivyo itapigwa njia nzima kwa ajili ya mchezo.

Radi: kwenye tambarare kitu kirefu kuliko vyote ni ninyi. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, ondokeni hadi kwenye jengo au gari, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

#16 BabaWatatu
Mpango mpya, mnikosoe. Jumamosi ileile, maji kujaa saa saba kasoro dakika kumi mchana. Tunafika juu ya tuta saa tano na nusu. Kwenda na kurudi njia ileile, hakuna duara. Kengele ya kugeuka saa sita na nusu. Saa nane na nusu tuko garini. Mkubwa anatangulia na mtu mzima, mdogo mbelekoni, hakuna kushuka chini ya tuta. Nimeangalia mwezi, ni siku mbili baada ya nusu mwezi.

#17 MchuMkavu
Hapo sawa. Nusu mwezi maana yake maji mafu au karibu yake, tuta litakuwa kavu. Ila mita 4.2 iwe ndiyo maji mafu ya hapo? Linganisha na wiki inayofuata kwenye jedwali lilelile. Ukikuta bamvua ni mita 5 na ushei, uko vizuri. Ukikuta 4.3, basi umesoma mwezi wa ukurasa mwingine.

#18 BabaWatatu
5.4. Ahsante.

Swali la mwisho: darubini ya wa miaka 6 na 9, ya kukuza mara ngapi? Wameshaanza kugombania ya mara 10.

#19 SululuWaTuta
Mara 8, au hata 6. Ya mara 10 inakuza pia mtikisiko wa mikono, na uwanja unaoonekana ni mwembamba, mtoto hampati ndege hadi ameruka. Kabla ya kununua, ikunjeni darubini hadi mwisho. Nyingi za watu wazima zinaishia kama milimita 56 kati ya jicho na jicho, na mtoto wa miaka 6 mara nyingi yuko chini ya hapo. Ndiyo maana anasema anaona "miduara miwili na weusi katikati", ninyi mnadhani hajui kutazama. Tafuteni inayokunjika hadi milimita 50 au chini yake. Halafu mfundishe amkazie ndege macho kwanza, asiyaondoe, ndipo ainue darubini hadi machoni.